Jumatano Niliyomwambia Mjukuu Wangu Ale

Kwetu sisi watu wa ng'ombe, mwanamke aliye katika siku zake hashiki kibuyu cha maziwa. Hasuki siagi, wala hanywi maziwa, mpaka siku zile ziishe. Mimi ni mzee wa kanisa, nilisoma shule ya wainjilisti nikiwa bado kijana, na najua kwamba Mungu hakuweka laana katika damu ya mwanamke. Lakini desturi ile ilibaki nyumbani mwangu kama adabu tu, kama vile mtu anavyovua viatu mlangoni. Ubaya wake ni mmoja: haina siri. Jirani yeyote anayeingia uani kwetu, hapa Shari, Bunia, akitazama nani ameshika kibuyu na nani amekiacha, anajua bila kuuliza binti yupi amekua na yupi bado.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na sita, na hakuwa ameacha kibuyu hata siku moja.

Kila asubuhi kabla ya shule aliketi kwenye kigoda, akakilaza kibuyu mapajani, akakisuka huku akirudia masomo yake ya historia. Alikuwa mdogo wa umbo kama mtoto wa miaka kumi na mmoja. Kifua chake kilikuwa kimeanza kidogo, miaka miwili nyuma, kisha kikasimama hapo hapo kama mtu aliyeitwa njiani akasahau alikokuwa akienda. Wanawake waliokuja kununua siagi walimsalimu vizuri, wakamsifu kwa kazi, na macho yao yakahesabu miezi.

Wazazi wake wote wawili walikufa katika miaka ya kukimbia vita. Mama yake alikuwa binti yangu. Nilimpokea mtoto akiwa na miaka minne, tumbo kubwa, nywele nyekundu kwa utapiamlo, na nikamlea kwa cherehani yangu na ng'ombe wawili. Akili yake ilikuwa kali kuliko umbo lake. Shuleni walimpa jina la Échantillon, yaani kile kipande kidogo cha kitambaa ambacho mwenye duka humwonyesha mteja.

“Échantillon, kaa mbele, usipotee,” walimwambia.

“Miye nitakaa mbele,” aliwajibu, “nyiye mutakaa na mathématiques yenu kule nyuma.”

Aliniletea maneno hayo nyumbani kama kichekesho, na mimi nilicheka naye. Lakini nilianza kuona kwamba haogi tena pamoja na binti za jirani. Alisubiri wamalize, wajipake mafuta, waondoke, ndipo anaingia na ndoo yake.

Nilifanya ninachojua kufanya. Sisi wanawake wa maombi tunakutana Jumatano na Ijumaa, na siku hizo tunafunga, hatuonji kitu mpaka jua lizame. Nilimchukua mjukuu wangu tukafunge naye, ili tumwombee kukua kwake. Hakulalamika. Mwaka mzima alikwenda shule siku hizo mbili bila chai wala muhogo, akarudi, akasaidia kazi, akapiga magoti kati yetu. Nilimwonea fahari. Nilijiambia kwamba mtoto mwenye imani namna hii Mungu hatamwacha.

Katika likizo kubwa nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima urefu na uzito, akachukua damu, akapiga radio ya mkono, kisha akaweka picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha.

“Mama, karatasi ya kuzaliwa inasema seize ans,” alisema. “Mifupa hii inasema treize, kumi na tatu. Sioni ugonjwa mbaya. Mwili wake umechelewa, ni vile. Anakula vizuri?”

“Tunashukuru Mungu,” nilijibu.

Kwetu jibu hilo linatosha kwa maswali yote, na daktari, mwana wa kanisa kama mimi, aliandika kwamba anakula vizuri. Sikumwambia habari ya kufunga. Bwana alitufundisha kwamba mtu akifunga apake mafuta kichwani na kuosha uso, asijitangaze. Nilidhani kumweleza daktari ni kujitangaza. Nilitoka pale na dhamiri safi kabisa, na ndiyo maana nakumbuka siku ile kwa aibu zaidi kuliko siku nyingine ambazo nilikosa nikijua.

Mwisho wa likizo akaja shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, anayekaa mtaa wa Nyakasanza. Ni mwanamke mwenye roho nzuri na sauti kubwa. Alipokea kikombe cha maziwa kutoka mkononi mwa mtoto, akamtazama akiondoka, kisha akaniinamia.

“Mama, huyu mutoto wamemufunga kwa uchawi,” alisema. “Rika yake yote imekua, yeye anabakia vile. Kuko chambre de prière moja karibu na kwangu. Bataombea yeye siku quarante.”

“Siku arobaini zote anakula nini?”

“Maji. Na kabiskuti kidogo mangaribi. Mama, si chakula tunatafuta pale, ni kufunguliwa.”

Niliwahi kuona msichana aliyetoka katika chumba cha maombi cha namna ile. Walimtoa wamembeba kwa shuka. Lakini mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na shangazi akisema ukoo umeamua, bibi wa upande wa mama hana maneno mengi. Niliomba muda. Tulivutana kwa heshima mpaka maziwa yakapoa, akakubali.

“Mpaka Pasaka,” alisema. “Pasaka ikifika naye iko vile vile, nitakuja kuchukua yeye miye mwenyewe. Usinikatalie siku hiyo.”

“Sitakukatalia,” nilisema. Neno limetoka.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Usiku alipokuwa akikunjua mkeka wake aliniita kwa neno letu la bibi, akaniuliza, “Koko, siku quarante ni sawa na Jumatano ngapi?” Nilimwambia alale.

Juma lile lile nilikwenda mjini kununua kitambaa cha bluu kwa sare za shule. Mimi hushona sare za watoto wengi wa mtaa wetu, na nimezoea duka moja la vitambaa la Wahindi. Nilikwenda na mjukuu wangu abebe furushi. Mke wa mwenye duka ndiye anayekata. Kiswahili chake alikiokota Kampala na hapa Bunia, na hajali kikipinda.

Nilimtajia vipimo vya watoto mmoja mmoja, na mwisho nikasema, “Kwa huyu wangu, mita moja na nusu.”

Mkasi ulisimama.

“Mwaka jana mita moja na nusu,” alisema. “Mwaka juzi mita moja na nusu. Mama muzee, hii mutoto hapana kua?”

Nilicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akikanyagwa sokoni. Yule mama hakucheka. Aliinama chini ya meza, akatoa kopo, na ndani yake kulikuwa na vidonge vikubwa vya simsim vilivyoshikanishwa na sukari nyeusi ya miwa. Akampa mjukuu wangu kimoja. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakishika tu.

“Kula. Hiyo si kitambaa ya kushika.”

Mtoto alinitazama mimi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Leo ni mercredi.” Ni kweli, ilikuwa Jumatano.

“Mercredi iko na nini?”

Nilisimama kati ya wateja wawili na bunda la kitambaa, nikiwa na siri ya mwaka mzima mdomoni. Daktari nilimficha. Sijui kwa nini sikuweza kumficha mama huyu. Labda ni kwa sababu hakuwa wa kanisa langu, na sikuwa na sifa ya kutafuta kwake. Nilimweleza yote: Jumatano, Ijumaa, maombi, radio ya mkono, chumba cha Nyakasanza, Pasaka.

Alitusogeza nyuma ya duka, akatupa viti. Kumbe baba yake huko India alikuwa mganga wa dawa zao za zamani wanazoziita Ayurveda, na yeye alikua akimsagia mizizi. Alishika mkono wa mjukuu wangu kwa vidole vitatu, akayasikiliza mapigo. Akatazama ulimi, kucha, ngozi ya visigino. Akauliza kama miguu hupata baridi, kama usingizi unakuja mapema, kama choo ni kila siku. Hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto huyu maswali mengi kiasi hicho kwa upole kiasi hicho, naye alijibu yote.

“Mimi si doktere,” alisema yule mama. “Mimi mutoto ya doktere tu. Lakini sikia vile baba alikuwa anafundisha. Mwili ni shamba saba, na mufereji moja tu ya maji. Chakula ndiyo maji. Inafika kwanza kwa maji ya mwili, halafu damu, halafu nyama, mafuta, mufupa, ndani ya mufupa. Shamba ya mwisho ndiyo ya kuzaa. Maji ikiwa kidogo, shamba ya kwanza inakunywa yote, ya mwisho inakauka. Mutoto hii alikosa maji tangu udogo. Sasa inaanza kufika, halafu wewe siku mbili kila wiki unafunga mufereji.” Alinitazama bila ukali. “Mama muzee, unaomba Mungu mvua, na wewe mwenyewe umeweka jiwe pale maji inapita.”

Nilitaka kujitetea kwamba kufunga ni jambo takatifu. Alinitangulia.

“Sisi pia tunafunga. Mimi, kila Jumatatu. Lakini mutoto anayekua, baba alikataza kabisa.”

Basi nilimgeukia mjukuu wangu. Alikuwa bado ameshika kile kidonge, na sukari ilikuwa imeanza kuyeyuka vidoleni mwake. Nilimwambia ale. Alikula polepole, akalamba kidole kimoja kimoja, na mimi nikatazama ukuta.

Mama yule alitupa utaratibu wake. Chakula cha moto, kwa saa zake, mara tatu bila kuruka. Kijiko cha samli juu ya wali au ugali wa mchana. Kidonge cha simsim kila asubuhi. Jioni, kijiko kidogo cha unga mweupe wa mzizi wa kwao uitwao shatavari, ndani ya kikombe cha maziwa ya moto. Kabla ya kulala, mafuta ya simsim miguuni na mgongoni, yasuguliwe kwa mkono wenye joto. Na kulala mapema, bila kukesha maombi.

“Hii unga,” nilimuuliza, kwa maana ilinibidi niulize, “iliombewa miungu yenu?”

“Mama muzee, ni mzizi,” alisema. “Ombea wewe.”

Mjukuu wangu alicheka mpaka akakohoa. Yule mama alituambia pia turudi kwa daktari, tumwambie ukweli, tumwonyeshe pakiti. Katika dawa za kwao, alisema, kuna nyingine zinazotengenezwa kwa majivu ya madini. Baba yake hakumpa mtoto hata mara moja, naye hatampa.

Daktari aliposikia habari ya Jumatano na Ijumaa aliweka kalamu chini. “Mama, ungeniambia tangu juillet, siku ile ya kwanza,” alisema, basi. Alisoma pakiti pande zote, akauliza habari ya madini, nikamjibu. Akasema mzizi huo yeye hawezi kuapa kwamba utafanya kitu, lakini haoni ubaya katika kijiko kidogo. Chakula ndicho anachokitaka zaidi, na mtoto arudi kupimwa uzito kila mwezi.

Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya wanawake wa maombi, mimi niliyekuwa nikiwaongoza, nikasema kwamba nilikosea. Nilisema nimemfungisha mtoto mwenye njaa, nikamficha daktari, nikaita jambo hilo imani. Nilisema kuanzia leo mjukuu wangu hafungi tena.

Kisha mkubwa wetu, ambaye hana tena meno ya mbele, akauliza, “Sasa siye tufanye nini? Twende kula?”

Wakacheka wote, na kicheko kile kilinisimamisha. Yule yule mkubwa wetu ndiye aliyesema neno lililofuata. “Tutafunga siye. Chakula yenye hatutakula, mutoto akule.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumatano na Ijumaa, mwanamke mmoja kati yetu alipika chakula chake cha mchana kama kawaida, akakifunika, akakileta kwangu, akakaa na njaa yake mpaka jua lizame. Sombe ya majani ya muhogo yenye karanga, maharagwe kutoka Aveba, samaki wa ziwani, mayai. Nimekuwa katika imani miaka mingi, lakini sijui kama niliwahi kufunga kweli kabla ya mwaka ule.

“Koko,” mjukuu wangu aliniambia baada ya miezi mitatu, akiwa ameshika tumbo, “hawa bamama bako wataniua na sombe.”

“Maliza sahani. Mwenye sahani hajakula.”

Alimaliza. Usiku nilipasha mafuta ya simsim kwenye kikombe cha bati, nikamsugua miguu. Alikuwa akinisomea masomo yake kwa sauti mpaka maneno yanapotea katikati ya sentensi. Unga ule kwenye maziwa aliuita “chokaa ya koko,” lakini aliunywa, na kila mara mimi niliomba juu ya kikombe kwanza, kama nilivyoagizwa.

Nina desturi moja katika ushonaji. Sketi ya mtoto naiachia pindo refu, vidole vinne, ili akikua tuishushe badala ya kununua nyingine. Kila mwaka nilimwongezea mjukuu wangu sketi ya kubadilisha, lakini ile ya zamani bado ilimtosha, na pindo lake lilikuwa limekaa miaka mitatu bila kuguswa. Baada ya Noeli uzito ulipanda, daktari akaandika akitabasamu, lakini mimi nilingoja kile ninachokijua. Mwezi wa pili, Jumapili baada ya ibada, nilimwona akivuta sketi ile ya zamani iliyokuwa kwenye kamba, akiipima kiunoni. Nilimwita, nikamvika, nikapiga magoti na futi yangu.

Magoti yalikuwa nje.

Nilichukua wembe, nikakata uzi wa pindo, mshono kwa mshono. Kitambaa kilipofunguka, chini kukatokea utepe wa bluu kali, bluu ya dukani, isiyowahi kuona jua, chini ya bluu iliyopauka ya miaka mitatu. Nilitaka kukipiga pasi na kuficha tofauti ile. Alikataa.

“Acha vile, koko. Baone.”

Jumatatu alikwenda shule na utepe wake. Aliporudi nilimuuliza walisema nini. “Walisema Échantillon iko ongeza métrage,” alijibu, na nikajua kwamba safari hii kichekesho kilikuwa chake.

Alikua, ndiyo. Viatu vilimbana, sura ilijaa, akaanza kufunga mlango anapovaa. Lakini kibuyu aliendelea kukishika kila asubuhi, na Pasaka ilikuwa inakuja. Nilijua shangazi hatapima pindo. Neno nililompa lilikuwa neno, na katika juma la mwisho nilisali bila maneno, nikisuka siagi pamoja na mtoto.

Shangazi hakungoja Pasaka yenyewe; alifika Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Alikuja na begi tupu kwa ajili ya nguo za mtoto. Tuliketi uani. Alimwona mjukuu wangu akitoka shuleni, akakunja uso kidogo kwa mshangao.

“Amenenepa,” alisema. “Asifiwe Bwana. Lakini mama, unene si kufunguliwa. Siye tulisema Pasaka.”

“Tulisema,” nilikubali.

Kwetu mgeni hapewi maneno kabla ya maziwa. Nilimwita mjukuu wangu. “Mama, muletee shangazi yako maziwa.”

Hakusogea. Alikuwa amesimama karibu na mlango na daftari zake kifuani, mikono ikiwa imezikumbatia.

“Shangazi, unisamehe,” alisema. “Leo utapewa maziwa na koko. Miye siwezi kushika kibuyu.”

Nilidhani amekataa kwa kiburi, kwa sababu ya begi lile. Nilifungua mdomo nimkemee. Lakini shangazi aliniwahi. Yeye pia ni mtu wa ng'ombe. Aliweka mkono juu ya goti langu ili ninyamaze, akamtazama mtoto sana.

“Tangu lini?”

“Leo asubuhi. Ku masomo. Madame wa discipline alinisaidia.” Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza, “Nilikuwa mu interrogation, kamtihani ya chimie. Nilimaliza kwanza, halafu nikatoka.”

Shangazi alisimama. Alimshika mtoto kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu anayechagua boga, akakipiga busu juu, akalia, akacheka, akaniuliza kwa nini nakaa tu kama mgeni katika nyumba yangu mwenyewe. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaenda kuleta maziwa mwenyewe.

Begi tupu lilirudi Nyakasanza na siagi ndani yake.

Jumatano niliwapelekea wanawake wa maombi habari, ingawa mtaa ulishajua, maana binti hakuwa ameonekana na kibuyu tangu Jumamosi. Mkubwa wetu alisema sasa angalau atapumzika kupika sombe. Nilikwenda pia dukani kwa vitambaa, nikamwambia yule mama. Alifuta macho kwa ncha ya vazi lake, kisha akauliza nataka mita ngapi.

“Mbili,” nilisema.

Watu huniuliza ni kipi kilichofanya kazi. Daktari anasema mifupa ile ingefika yenyewe mara tu ikipata chakula. Mama wa duka anasema mfereji ulifunguka, na mzizi ulisaidia. Wanawake wa maombi wanasema walifunga, Mungu akasikia. Nimewasikiliza wote, na sioni ni yupi nimwambie hapana. Mimi ninachojua ni jiwe lililokuwa pale maji yanapopita, na mkono wa nani uliliweka.

Siku nne alizokiacha kibuyu nilisuka siagi mwenyewe. Mgongo wangu una miaka mingi, na kibuyu kilikuwa kimejaa. Mjukuu wangu aliketi karibu nami asubuhi, mikono mitupu, akinywa chai isiyo na maziwa na kunielekeza.

“Polepole, koko. Unasuka kama mutu anakimbia.”

“Nyamaza, mama,” nilimwambia. “Niache nisuke.”